Usiupe Wimbo Jina Lisilo Lake

Mama alipokuja kukaa nasi wiki mbili, jioni ya pili aliniomba kitu kimoja tu: nimpigie wimbo uliochezwa sana kwenye harusi yake, Kilosa, mwaka 1976. Nilimwambia asiwe na shaka. Kaseti zote za nyumbani kaka yangu alikwishaziingiza kwenye kompyuta, na mimi ndiye ninayeitunza diski yenyewe. Nikaifungua. Mlikuwa na mafaili 1,412, folda ndani ya folda. Mamia yaliitwa "Track 01", "Track 02" na kuendelea. Mengine yaliitwa "Zilipendwa mix". Fungu zima lilibeba jina na namba ya simu ya kijana wa kibanda cha kuchoma CD, aliyejiandika mwenyewe kwenye nafasi ya mwimbaji. Tulifungua moja moja mpaka saa tano usiku. Mama akachoka, akaniaga, akaenda kulala.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiyatambua mafaili yale na kuyaandika, saa moja moja baada ya kazi. Naandika makala haya kwa ajili ya mwenye diski kama yangu, iliyojaa dansi, taarabu, rumba na kwaya, nyimbo zilizotoka kwenye kaseti za wazee, CD za kuchoma na memori kadi za marafiki. Kazi hii inawezekana, haihitaji fundi, na karibu vifaa vyote ni vya bure. Ila kuna neno moja nataka ulishike tangu sasa. Faili lisilo na jina linakusumbua, lakini lenye jina la uongo linakudanganya. La kwanza siku moja mtu atalitafutia jina. La pili hakuna atakayelihoji tena.

Nakili kwanza

Kabla hujabadilisha hata herufi moja, nakili diski nzima kwenye diski nyingine, kisha iweke kabatini. Nakala hiyo usiiguse tena. Mwanzoni mimi sikufanya hivyo. Niliiruhusu programu moja iyape mafaili majina yenyewe huku nimekwenda kula. Niliporudi, kaseti nzima ya bendi za Dar es Salaam ilikuwa imeandikwa kuwa ni albamu ya bendi ya Kongo, na majina ya zamani yamefutika. Pamoja na majina yale ulipotea ushahidi ambao sikujua kuwa ni ushahidi.

Maana jina baya nalo linasema kitu. "Kaseti ya baba 3 upande B - 04" halikuambii wimbo, lakini linakuambia ulitoka wapi na ulikaa kati ya nyimbo zipi. Ukiutambua wa tatu na wa tano, wa nne umekaribia kuupata, kwa sababu mara nyingi mtu alirekodi santuri au kipindi cha redio kwa mfululizo. Kwa hiyo jina la zamani usilitupe. Lihamishie kwenye nafasi ya maoni ndani ya faili. Tarehe ambayo faili lilitengenezwa nayo iache kama ilivyo.

Jambo la pili kabla ya kuanza: kama kaseti ilirekodiwa kutoka redioni, na sauti ya mtangazaji imo, usiikate ili wimbo uanze vizuri. Mtangazaji huyo huenda ndiye shahidi pekee uliye naye wa jina la wimbo na jina la bendi.

Kikaratasi ndani ya faili

Faili la muziki lina majina ya aina mbili. Moja ni lile unaloliona kwenye folda. Jingine limefichwa ndani ya faili lenyewe, na ndilo linalotokea kwenye simu au redio ya gari wimbo unapopigwa. Hili la ndani ndilo tagi. Ukitumia Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, kisha Details, utaliona: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, aina ya muziki, maoni. Kuandika humo hakugusi sauti hata kidogo.

Tagi za MP3 zilianza mwaka 1996, zikiitwa ID3. Zile za kwanza zilikuwa baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na jina la msanii lilipewa herufi 30, basi. Ukikuta bendi imeandikwa "International Orchestra Safari", ujue ni herufi 30 kamili ukihesabu na nafasi, na "Sound" imekatwa ikabaki nje. Tagi zile zilikuwa pia na orodha ya aina 80 za muziki, na taarabu haikuwamo wala dansi. Ndiyo maana nyimbo zetu nyingi zimebandikwa neno "Ethnic" au zimetupwa kwenye "Other". Toleo la pili la ID3, lililokuja mwaka 1998, linakuruhusu kuandika neno lolote na jina refu upendavyo. Andika Dansi. Andika Taarabu, Kaswida, Kwaya, Benga, Chakacha, Singeli. Hakuna anayekulazimisha kuuita muziki wa kwenu kwa neno la jumla la watu wa mbali.

Programu ikikuuliza toleo la tagi, chagua ID3v2.3, maana linasomwa na vifaa vingi zaidi, hata redio za gari za miaka iliyopita. Nyimbo zenye majina ya Kiarabu, ambazo hazikosi kwenye nyumba za wapenda taarabu, mara nyingi utazikuta zimejaa alama za kuuliza. Hizo ziandike upya kwa herufi za Yunikodi na zitasomeka. Mafaili ya WAV hayabebi tagi vizuri. Yageuze kuwa FLAC: sauti itabaki ileile bila kupungua, nafasi kwenye diski itapungua sana, na tagi zitakaa. Lakini usigeuze MP3 ya kilobiti 128 kuwa ya 320 ukidhani unaisafisha. Ukubwa utaongezeka na sauti haitaboreka.

Iache mashine iseme inachokijua

Hatua ya kwanza ya utambuzi mpe mashine, kwa sababu ina haraka na haichoki. Programu ninayoitumia ni MusicBrainz Picard, ya bure, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Buruta folda moja ndani yake, chagua mafaili, bofya Scan. Inasikiliza sehemu ya wimbo, inatengeneza alama ya sauti mfano wa alama ya kidole, kisha inailinganisha na hazina ya AcoustID kwenye intaneti. Ikipata inayofanana, inauhamishia wimbo upande wa kulia pamoja na jina na albamu yake. Hakuna kinachoandikwa kwenye faili mpaka wewe ubofye Save. Tumia fursa hiyo: sikiliza kila wimbo kabla ya kuuhifadhi.

Fanya folda moja kwa wakati, na uangalie mambo mawili. La kwanza ni albamu. Wimbo mmoja wa zilipendwa unaweza kuwa umo kwenye mikusanyo mingi, na programu inaweza kuzitawanya nyimbo kumi za kaseti moja kwenye albamu kumi. Jina la wimbo likiwa sahihi, lipokee. Albamu iandike mwenyewe kwa kutaja ulikotoka, kama "Kaseti ya baba 3". La pili ni urefu. Kama wimbo wako una dakika nane na uliopendekezwa una nne, simama kwanza. Huenda ni toleo jingine kabisa.

Shazam ya kwenye simu nayo inasaidia. Cheza wimbo kwenye spika za kompyuta, isogeze simu, ngoja. Kwa rumba za Franco na Tabu Ley zilizouzwa dunia nzima utapata majibu mengi. Kwa nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zisitoke kwenye santuri, mara nyingi hutapata kitu. Mashine hizi hazijui muziki. Zinajua rekodi ile ile iliyokwisha kuingizwa kwenye hazina yao. Bendi ile ile ikiupiga wimbo ule ule siku nyingine, kwa mashine huo ni wimbo mgeni.

Kuna sababu nyingine ya mashine kushindwa. Kaseti iliyochezwa kwenye redio yenye betri dhaifu au mkanda uliolegea inabadilisha kasi, na wimbo ukienda polepole sauti yake nayo inashuka. Mashine haiutambui tena. Fungua nakala ya faili kwenye Audacity, ongeza kasi kwa asilimia mbili, tatu au nne, kisha jaribu tena. Mimi nimezipata nyimbo kadhaa kwa njia hii peke yake.

Wimbo unajitaja wenyewe

Mashine ikishindwa, anza kusikiliza, lakini sikiliza kwa kalamu. Muziki wetu wa dansi una tabia nzuri inayomsaidia mtafutaji: wimbo ukifika kwenye chemko, gita zinapokolea na watu wanapoanza kusimama, wanamuziki huitana. Mpiga solo anatajwa, mpiga tumba anatajwa, na mtindo wa bendi unapigiwa kelele. Sikinde ni Mlimani Park. Msondo ni NUTA na warithi wake. Ndekule ni Safari Sound. Saboso ni Western Jazz. Ukisikia neno moja kati ya hayo, umekwisha kupata bendi.

Jina la bendi nalo ni kalenda. Bendi ya chama cha wafanyakazi ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978, ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, mwaka 1983. Kwa hiyo mtangazaji akisema "DDC Mlimani Park", alisema maneno hayo mwaka 1983 au baadaye. Mbaraka Mwinshehe alikuwa Morogoro Jazz mpaka 1973, kisha Super Volcano mpaka ajali iliyomuua Mombasa Januari 1979. Ukiijua bendi tu, umeupata mlango wa miaka yake.

Maneno ya wimbo nayo yapime hivyo hivyo. Wimbo unaoisifu TANU kama chama kinachotawala ulitungwa kabla ya tarehe 5 Februari 1977, siku CCM ilipozaliwa. Unaotaja Azimio la Arusha hauwezi kutangulia 1967. Unaoomboleza kifo cha Waziri Mkuu Sokoine ni wa 1984 au baadaye. Hupati mwaka kamili, ila unapata mpaka, na mpaka unatosha. Andika "1983 au baadaye" kwenye maoni, na nafasi ya mwaka iache wazi.

Jihadhari na sauti ya mwimbaji. Watu wengi husema, "Huyu ni Gurumo, basi hii ni Msondo." Muhiddin Maalim Gurumo alivuma NUTA, akawamo Mlimani Park ilipoanza, akaenda kuongoza Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Waimbaji wa Dar es Salaam walihama bendi kama wachezaji wa mpira wanavyohama timu. Sauti inakupa mtu. Bendi itafute kwa ushahidi mwingine.

Chunguza pia umbo la wimbo. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika tatu au nne hivi, na nyimbo zetu ni ndefu, kwa hiyo ziligawanywa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Ukisikia wimbo unafifia katikati ya gita, na faili jingine linaanzia kwenye gita lile lile bila utangulizi, umepata nusu mbili za kitu kimoja. Ziandike "sehemu ya 1" na "sehemu ya 2". Picha za santuri zenyewe, pamoja na karatasi ya katikati yenye jina la wimbo, bendi na mtunzi, zimewekwa na wapenzi wa muziki kwenye tovuti ya Discogs, na zinasaidia sana. Mikusanyo iliyotolewa kwa uangalifu, kama mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ina vijitabu vyenye maelezo ya kila wimbo. Visome hata kama nyimbo zake unazo tayari.

Kwenye taarabu tafuta kikundi kwanza, kama ni Ikhwani Safaa, kilichoanza Unguja mwaka 1905, au Culture Musical Club, au kikundi cha Mombasa. Kisha mwimbaji. Kisha mtunzi wa mashairi, ambaye mara nyingi ni mtu mwingine kabisa na anastahili nafasi yake. Tagi ina sehemu ya mtunzi. Usiijaze kwa jina la mwimbaji kwa sababu tu ndiye unayemsikia. Kumbuka "Malaika": waliouimba wanajulikana, kuanzia Fadhili William mpaka Miriam Makeba, ila mtunzi wake amebishaniwa kwa miaka mingi. Wimbo wa namna hiyo nafasi ya mtunzi iache, na uandike kwenye maoni kwamba kuna ubishi.

Waulize wazee, na uulize vizuri

Sasa nimefika kwenye hatua ninayokuomba usiiahirishe hata wiki moja. Hazina kubwa ya muziki wetu haimo kwenye intaneti. Imo vichwani mwa watu waliocheza nyimbo hizo zilipotoka, na watu hao wanatutoka.

Kata kipande cha sekunde arobaini, chenye mwanzo wa gita na mstari wa kwanza wa kuimba, kitume kwa WhatsApp kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mzee wa mtaani aliyekuwa hakosi ukumbi wa dansi wa DDC Kariakoo. Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimwambia mzee, "Shikamoo mzee, huu si ni wa Vijana Jazz?" kwa ukarimu wake atakuitikia. Mwambie, "Shikamoo mzee, huu wimbo unakukumbusha nini?" kisha nyamaza. Ataanza na mahali, na mtu aliyekuwa naye, na mwaka aliohamia kazini, na jina la wimbo litakuja katikati ya hayo. Ukiweza, mrekodi anavyosimulia.

Muulize na mtu wa pili ambaye hajamsikia wa kwanza. Wawili wakikubaliana bila kushauriana, umepata jambo la kuaminika. Wakitofautiana, andika majibu yote mawili. Na ujue kwamba wengi wanaukumbuka wimbo kwa kiitikio chake, hali kwenye santuri uliandikwa jina jingine. Jina la santuri liweke kwenye nafasi ya jina, na lile la watu liweke kwenye maoni, maana siku mtu akiutafuta atatumia hilo la watu.

Namna ya kuandika

Kwa kuandika, Mp3tag inafanya kazi vizuri, na Kid3 pia. Zote zinakuonyesha mafaili kama jedwali, zinaruhusu kubadilisha mengi kwa pamoja, na zinaweza kutengeneza jina la faili kutokana na tagi. Ila kabla ya kuandika, jiwekee kanuni, uziandike kwenye daftari, uzifuate.

Chagua tahajia moja ya kila jina. Kwa kompyuta, "Marijani Rajabu" na "Marijan Rajab" ni watu wawili, na nyimbo zao zitakaa mbalimbali. Kwenye nafasi ya msanii mimi naandika bendi kama ilivyoitwa wakati wa kurekodi: NUTA Jazz, si Msondo Ngoma, kwa wimbo wa 1970. Waimbaji nawaweka kwenye maoni. Jina la faili nalitengeneza kwa utaratibu mmoja: bendi, wimbo, sehemu kama ipo.

Kisha nafasi ya maoni, ambayo wengi huiacha tupu, mimi naiona ndiyo moyo wa kazi. Humo naanza kwa neno moja kati ya matatu. HAKIKA ni pale nilipoona santuri, nilipomsikia mtangazaji au nilipopata mashahidi wawili. INASEMEKANA ni pale nilipo na shahidi mmoja. HAIJULIKANI haihitaji maelezo. Baada ya neno hilo naandika nani alisema na lini, na faili liliitwaje zamani. Atakayeirithi diski hii atajua aamini nini na aendelee kutafuta nini.

Ukimaliza folda, tengeneza nakala mbili zaidi, moja ikae nyumba nyingine. Na ulichokithibitisha kiingize MusicBrainz; mtu yeyote anaweza kujiandikisha na kuongeza. Hazina ile inajengwa na watu wa kujitolea, na nyimbo zetu zitazidi kuonekana humo kadiri sisi tunavyoziingiza. Jina utakaloliandika leo ukiwa Tanga ndilo litakalomjibu kesho Mtanzania aliyeko Maskati na kaseti ya marehemu baba yake.

Mama alirudi tena mwaka uliofuata. Safari hii kaseti ya tatu ya baba ilikuwa imepangwa upande kwa upande, nikaipiga tangu mwanzo. Kwenye wimbo wa sita wa upande B akaweka kikombe chini kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Gita la mwanzo lilimtosha. Tuliusikiliza mara tatu.

Wimbo huo mpaka leo sijaupatia jina. Mashine zote zimeshindwa, na mashahidi wawili niliowauliza wametaja bendi mbili tofauti. Ningeweza kuchagua moja nikafunga daftari. Badala yake, nafasi ya jina ni tupu, na kwenye maoni, pamoja na majibu yao mawili, nimeandika: "HAIJULIKANI. Kaseti ya baba 3, upande B, 06. Mama ameutambua kwa gita la mwanzo. Anasema ulipigwa mara nyingi kwenye harusi yake, Kilosa, 1976, na baba ndiye aliyeuomba."